Mbwa Aliyelishwa Kama Ndama

Mjomba alimleta juu ya lori kutoka Nyakanazi, ndani ya tenga la ndizi. Alipolifungua uani kwetu Kibimba tulidhani ametuletea mwanakondoo. Kichwa kilikuwa kizito, nyayo pana kama visahani, na ngozi ilimzidi kama mtoto aliyevaa koti la baba yake. Mjomba alisema mama wa mbwa huyu akisimama anamfikia mtu mzima kiunoni. Alikuwa wa Mzungu mmoja wa ujenzi wa barabara. Vita vilipoanza, Mzungu alifunga virago akagawa alivyokuwa navyo: viti, masufuria, watoto wa mbwa.

"Kaagiza kitu kimoja tu," mjomba alisema. "Msimshibishe mno. Akue polepole, asinenepe."

Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. "Mtu ana nyama za makopo, halafu anamnyima mbwa! Ndiyo maana wanatajirika."

Tulicheka wote. Nami nilicheka, mkono mdomoni, lakini lile agizo lilinikaa. Kwa nini mbwa mkubwa alishwe kidogo? Si ndiye angehitaji kingi? Ningemuuliza mjomba, ila mimi mbele ya watu sauti hukwama, na kabla sijapanga maneno lori lilikuwa limeondoka. Siku hizo malori yalichukuliwa kubeba vitu vya jeshi, na mjomba hakukaa mahali.

Baba alimtaka mbwa kwa ajili ya kazi. Vijana waliokuwa wakilinda zizi la ng'ombe wa kijiji walikuwa wameingia mgambo, wengine wamekwishapelekwa vitani, na fisi hawakujua habari za vita. Baba mwenyewe alikuwa akisubiri kuitwa. Mimi nilikuwa nyumbani kwa sababu shule ilichelewa kufunguliwa. Chakula cha bweni hakikuwa kimefika.

Bibi, yaani mama yake baba, akajitwalia kazi ya kumlisha. Kwake mnyama ndiye anayeisemea nyumba. Ng'ombe mwenye mbavu nje, mgeni ameziona kabla hajapewa kiti. Basi mbwa alipewa maziwa ya kibuyu asubuhi, ndizi zilizopondwa kwa mchuzi wa maharage mchana, ugali jioni, na akiendelea kulamba bakuli anaongezwa. Juu ya hayo kulikuwa na unga wa mifupa. Kwetu ndama mwenye miguu dhaifu huchomewa mifupa ya ng'ombe, ikatwangwa kinuni, ikachanganywa na chumvi, akalambishwa. Bibi aliona mtoto mzito namna hii atauhitaji kuliko ndama yeyote.

"Kula, mwana wanje," alimwambia, yaani mwanangu, kama anavyotuambia sisi.

Mbwa alikua mpaka tukaanza kumwogopa. Ukimtazama asubuhi unaona amepita alipokuwa jana. Jirani yetu, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, akawa hapiti bila kuingia kumtazama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nawe huna kazi kwako?"

"Ninayo. Nimekuja kuwaambia, mkianza kumkamua huyu, mnikumbuke na mimi kikombe."

Lakini yeye ndiye aliyeiona miguu kwanza. Alichuchumaa, akaacha kucheka, kisha kwa sababu hawezi kukaa bila mzaha akasema, "Mama, huyu ana mwili wa mwenyekiti na miguu ya mwanafunzi."

Ilikuwa kweli. Vifundo vya miguu ya mbele vilikuwa vimevimba kama viazi, nyayo zimetandazika, na miguu yenyewe imeanza kupinda kwenda nje. Baada ya hapo akawa analia akiinuka. Bibi akaongeza unga wa mifupa, gao zima la mkono. Miguu ikazidi kupinda. Bibi akaongeza tena.

Baba alimtazama siku moja akijikokota kwenda kwenye bakuli. Hakukasirika. Alisema taratibu, na huo utaratibu ndio ulionitia hofu. "Maharage mnayaona yalivyopungua. Nikiitwa siwezi kumwachia mama yenu mdomo usiofanya kazi. Kama siku hiyo hasimami, nitammaliza mwenyewe kabla ya kuondoka."

Nilianza kuchunguza. Kwa jirani walikuwapo watoto wa mbwa wa umri uleule. Walikula ukoko wa ugali na vichwa vya dagaa, na miguu yao ilinyooka kama michi. Niliwapapasa ubavuni: mbavu niliziona kwa vidole, si kwa macho. Nikarudi kumpapasa wetu. Vidole vilizama kwenye mafuta, mbavu sikuzipata.

Bwana mifugo alipokuja kwenye josho nilizunguka mara nyingi kabla ya kumsogelea. Mwishowe nilimuuliza habari za miguu ya mbwa wetu, huku nimeitazama baiskeli yake.

"Unaniuliza mimi au baiskeli?"

"Wewe, bwana mifugo. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi nimesomea ng'ombe, binti. Mbwa najua kumchoma sindano ya kichaa, basi."

"Ule unga wa mifupa, ndama anapewa kwa nini?"

"Kwa sababu anakula majani, na majani ya huku yana upungufu. Haya, nipishe, ng'ombe wanasubiri."

Nilirudi na hilo jibu kama mtu aliyeokota ufunguo asiyejua mlango wake. Ndama anakula majani. Mbwa wetu anakunywa maziwa na kutafuna mifupa kila siku. Huo upungufu autoe wapi? Halafu nikakumbuka mwalimu wa baiolojia alivyotuchorea mfupa wa mtoto, akasema ncha zake bado ni laini kwa sababu ndipo unapokulia. Nikaufikiria mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa. Watu waliharakishwa wakaezeka nyumba kabla udongo haujakauka, na mvua ya kwanza kuta zikatoa matumbo. Udongo haukuwa mbaya. Uzito ulikuja mapema. Nilisimama katikati ya migomba, nikasema peke yangu kwa sauti: ndiyo maana akue polepole!

Kumwambia Bibi kwamba amekosea nisingeweza. Nilimwambia, "Bibi, naomba nimlishe mimi."

"Utamnyima kama yule Mzungu?"

"Nitampunguzia tu."

"Na watu watasemaje, akiwa mifupa mitupu?"

"Watasema ni mimi."

Alinitazama sana, akaniachia bakuli.

Niliacha kabisa unga wa mifupa. Maziwa nikabakiza kidogo ya kulainishia. Nilimpa ndizi au ugali na dagaa waliopondwa, asubuhi, mchana na jioni, kila mara kidogo, na nikiondoa bakuli siongezi. Nilimzuia kuruka kutoka barazani. Tulitembea tu polepole kwenye njia laini ya migombani. Kila asubuhi nilimpapasa mbavu. Kazi ngumu haikuwa hiyo. Ngumu ilikuwa macho yake, maana alinitazama kama mimi ndiye njaa yenyewe. Bibi alihamisha kigoda akawa anakaa kwa kumpa mgongo.

"Naona mmemwingiza mgambo," jirani alisema. "Mazoezi yameanza."

Mbavu zilirudi vidoleni. Kilio cha kuinuka kilipungua, kisha uvimbe. Kama ni chakula au ni siku tu zilizopita, siwezi kuapa. Mguu wa kulia ulianza kunyooka, wa kushoto ukabaki nyuma, na wito wa baba ukafika kabla haujanyooka.

Baba alitoka na mfuko wake begani, akausimamisha ukutani, akamwita mbwa. Mbwa alikuwa amelala. Alijiinua nyuma, mguu wa kushoto ukateleza, akajaribu tena akasimama. Baba akatembea kuelekea zizini bila kugeuka. Mbwa akamfuata, akichechemea, wakalizunguka zizi lote, na alipofika mlangoni akanusa chini akakingurumia kitu ambacho sisi hatukukiona.

Baba alichuchumaa akamshika. "Mbona amekonda?"

Nikasikia sauti yangu. "Hiyo ndiyo dawa yake, baba."

Aligeuka kunitazama. "Na huu wa kushoto?"

"Sijui. Labda utabaki hivyo."

Aliupapasa tena ule mguu, tukingoja. "Fisi hatauliza mguu," alisema. "Mwacheni." Kisha akamgeukia Bibi. "Mama, chakula chake anapima huyu mtoto. Wewe usiongeze."

"Nimesikia," Bibi alisema, kwa shida.

Wenzake baba walikuwa wakimwita kutoka barabarani. Akachukua mfuko wake akashika njia ya kilimani, na mbwa akataka kumfuata. Nilimzuia kwa mkono shingoni, maana kilima kile ni kikali kwa mguu kama ule. Alinivuta kidogo, kisha akakaa.