Nilivyopeleka Posa kwa Mgonjwa Aliyefumba Macho

Nilikosa. Nasema mapema, msije mkanitafutia udhuru. Mwenyewe nshautafuta sana, sikuupata.

Nilikuwa mkalimani wa daktari mmoja wa Kizungu huku Shangani. Mshahara mdogo, majivuno makubwa! Nikipita mtaa wa Malindi na bakora yangu, ungedhani mimi ndiye ninayetibu.

Basi akaletwa Bwana Nassor, mzee wa Kiarabu. Mkono wake wa kulia ulikataa kufanya kazi tangu siku aliyomzika mwanawe. Mifupa mizima, lakini vidole vimejikunja, havifunguki. Kula kwa mkono wa kushoto hakutaka, basi akilishwa na binti yake, Salma.

Na mimi, ndugu yangu, nilikuwa nikimtaka Salma mpaka najigonga milangoni!

Daktari alitibu kwa kumtuliza mtu kwa maneno. "Mwambie huu si uchawi," akaniambia. "Atafumba macho, atulie, aifuate sauti. Kila kitu anakisikia, na asilolitaka halifanyi."

Nikamfasiria mzee neno kwa neno. Kumbe mdomo ulifasiri, kichwa hakikusikiliza!

Daktari akawa anasema polepole, nami namfuatia: "Mkono wako unapata joto. Vidole vinalegea." Wallahi, nikaona kidole gumba kinasogea! Mzee alipoletwa tena, kiganja kikaanza kufunguka. Salma akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio wake.

Badala ya kumshukuru Mungu, nikajishukuru mimi. Mzungu hajui Kiswahili, nikawaza. Sauti anayoifuata mzee ni yangu!

Safari iliyofuata Salma alikaa nje ya pazia. Daktari akasema, "Mwambie mkono wake ni mwepesi kama unyoya."

"Mkono wako ni mwepesi kama unyoya," nikasema kwa sauti ya asali. "Na moyo wako unataka kumwoza Salma kwa mkalimani huyu. Kijana mwenye adabu zake."

Mzee hakufumbua macho.

"Naam," akajibu taratibu. "Na mahari je? Daktari kasemaje?"

Nyuma ya pazia, Salma akaangua kicheko. Ya Rabi, nilitamani sakafu inimeze!

"Anasema nini?" akauliza daktari.

"Anashukuru."

Uongo juu ya uongo!

Mzee akainuka. Vidole vilikuwa vishajikunja tena. "Mwanangu," akaniambia, "nilikuja hapa na msiba wangu, we ukaniletea posa?" Akatoka, asirudi tena. Daktari alipopata habari kwa jirani ajuaye lugha yake, akanifukuza siku ile ile.

Mji ukanibatiza Bwana Harusi wa Usingizini. Hilo nililistahimili. Lakini nilipokwenda kuomba radhi, nilimkuta Salma akimmegea baba yake mkate na kumtia kinywani. "Shikamoo," nikasema. "Marahaba," akaitikia mzee, akaendelea kutafuna. Sikuweza kukaa.

Salma kaolewa Mkunazini na fundi saa asiyejua hata lugha moja ya kigeni.

Nyinyi mnaobeba maneno ya watu, yafikisheni kama mlivyopewa! Dawa ile ilikuwa ya kweli. Mchafu nilikuwa mimi. Ukitaka mke, tuma wazee wabishe hodi, wakakataliwe mbele ya watu kama waungwana. Mgonjwa mwache apone!