Gari la Jilore

Katika idara yetu ya utafiti wa tiba hapa Malindi, madaktari huja na kuondoka, lakini bi mkubwa wa utawala na fedha yupo palepale. Kila karatasi huisoma kwa kuweka rula chini ya mstari, midomo ikitembea bila sauti. Stakabadhi isiyo na tarehe huirudisha kwa vidole viwili vyenye hina. "Kaikamilishe, mwanangu," husema, kwa upole ambao sijaona mtu akiubishia.

Jumanne iliyopita profesa wetu aliingia kwa haraka, akataka gari la idara liwapeleke Watamu wageni wake wawili kutoka ng'ambo.

"Gari lina safari, Profesa," bibi alimjibu. "Linakwenda Jilore kumchukua mtoto aliye katika utafiti wetu wa malaria. Mamake amepiga simu, homa imempanda tena."

"Si liende alasiri? Wageni hawa ndio wafadhili wetu."

"Nawaheshimu. Lakini mama yule tulimwahidi kwa maandishi kwamba mwanawe akiugua tutamfuata mara moja. Sahihi iliyo chini ya ahadi ile ni yako."

Tulioketi pale tuliinamisha vichwa, maana mkataba wa kazi wa bibi ulikuwa mezani kwa profesa, ukingoja kuongezwa muda. Bibi aliinuka, akampungia dereva dirishani aondoke.

Wageni walikwenda Watamu kwa tuktuk. Profesa alibaki. Gari liliporudi adhuhuri, ndiye aliyempokea mtoto mikononi mwa mamake na kumkimbiza wodini.