Mabawa Niliyokivisha Chombo cha Nakijwa

Hadi leo nikipita mbele ya ile shule pale Same navuta kanga mpaka puani kama mwizi wa kuku, maana aibu niliyoiacha pale nadhani bado imesimama getini inaningoja.

Mjukuu wangu Nakijwa, wa kidato cha pili, alitunga hadithi ya watu wanaosafiri kwenda nyota ya mbali, akaunda na chombo chao kwa makopo na gurudumu la baiskeli ya mtoto, akipeleke kwenye mashindano ya wilaya, katika shule hiyo ya Same. Mshindi mmoja tu angekwenda Moshi kwenye mashindano ya mkoa, na hiyo Moshi alikuwa akiiota mwaka mzima. Mimi nilipokitazama niliona kichanja cha vyombo. Nikamuuliza mabawa yako wapi.

"Bibi, huko hakuna hewa. Bawa litapiga nini?"

Na gurudumu je? Akasema likizunguka, waliomo wanabanwa ukingoni, wanasimama kama sisi tunavyosimama chini. Nikaitikia, ila moyoni sikukubali.

Mimi nimezaliwa Ngujini (shule niliishia darasa la pili, kwa mwalimu Eliakunda aliyechechemea), na kwetu kitu hakitoki nyumbani kikiwa uchi. Mtungi wa dengelua, ile pombe yetu ya miwa, ukipelekwa ukweni, mama yangu Nanzia aliuvisha majani ya mgomba shingoni, shangazi Namsifu akaongeza maua, na sisi wasichana, mimi na Naetwa na marehemu Elieshi, tukaubeba umefunikwa kanga, tukiimba mteremko mzima, na haukufunuliwa mpaka mbele ya wakwe. Nani aliwahi kuuliza majani yanaisaidia nini pombe?

Basi siku moja kabla, Nakijwa akiwa kwaya, nikakata mabawa ya boksi, nikayavisha kitenge chekundu, nikatengeneza na pua iliyochongoka, nikabandika kwa uji mzito wa muhogo, nikafunika yote kwa kanga. Nikamwambia asifunue mpaka afike mbele ya watu. Akatii (na utii wake ndio unaoniuma mpaka leo).

Ukumbini alipofunua, nikapiga kigelegele peke yangu. Jaji, mwalimu Mfinanga, mama wa miwani, akauliza hayo mabawa yana kazi gani huko juu. Nakijwa akanitazama. Angeweza kusema ni bibi, hakusema. Mimi nikasimama: "Ni ya kupendeza tu, mwalimu, kama hereni zako."

Ukumbi ukaangua kicheko. Nakijwa akajaribu kulizungusha gurudumu awaonyeshe, kumbe uji umelikaza kama saruji, akalisukuma kwa nguvu zote, bawa likachomoka, likaruka (liliruka vizuri, nisiseme uongo) likatua mapajani kwa mchungaji Mbonea, aliyekaa mstari wa mbele.

Moshi akaenda mtoto mwingine, Kiangi wa kijiji cha Bendera.

Njia nzima Nakijwa alitembea mbele yangu amekikumbatia chombo chake, nami nilitamani hata anigombeze. Baada ya wiki akaja na daftari, akanisomea hadithi upya, nikasikia ameongeza abiria, bibi mmoja wa Ngujini anayedai mabawa. Nikamuuliza kwa woga, wakampa?

"Wamempa. Kayabandika ukutani chumbani kwake. Mle ndani hayamzuii mtu."

Nikafuta macho kwa pindo la kanga.

Mwaka huu anajaribu tena. Chombo chake sikigusi, hata vumbi sipangusi. Nimeomba kitu kimoja tu, nikifunike kwa kanga siku ya kutoka, kama mtungi. Amekubali.

"Sawa bibi, ila safari hii nitakifunua kwanza hapa hapa nyumbani."