Mbegu ya Boga Ukutani

Binti yangu ameniletea dayari. Ina jalada gumu jekundu na utepe wa kuwekea alama, na kila ukurasa umechorwa mistari: malengo ya wiki, malengo ya mwezi, mambo ya leo. Yeye anafanya kazi ofisini hapa mjini, na huko, anasema, kila mtu ana yake. "Mama, ukiliandika lengo umeshalifikia nusu," akaniambia huku akivua viatu mlangoni kwangu Nkuhungu. Nikacheka. Akadhani namcheka yeye, kumbe nilikuwa nimemkumbuka bibi yangu wa kijijini Haneti. Hakujua hata kushika kalamu, lakini sijaona ofisi iliyopanga kazi zake kama yeye.

Nyumba ya bibi ilikuwa tembe, ile ya paa bapa la udongo, chini kiasi kwamba mbuzi mtundu aliweza kulipanda. Ndani, kando ya mlango, palikuwa na kipande cha ukuta alichokilainisha kila alfajiri kwa maji ya kiganja kimoja, maana maji kwetu hayakuwa ya kumwaga. Hapo alibandika punje za mtama. Punje moja, kazi moja: kuanika mboga ya mlenda, kupepeta uwele, kuziba ua wa miiba, kwenda kisimani. Alizitaja akizikandamiza kwa kidole gumba, nami nikazirudia nyuma yake, moshi wa kuni ukituwasha macho. Hazikuzidi tano. "Mkono una vidole vitano," alikuwa akisema, "wewe unayetaka cha sita utakishikia nini?" Jioni, kabla ya ugali, alizibandua za kazi zilizokwisha, akazitafuna. Ya kazi iliyobaki ililala ukutani ikimtazama. "Kazi isiyoliwa haijaisha." Maneno hayo nimelelewa nayo kama wengine walivyolelewa na sala.

Siku moja njaa ilinishika, nikaila punje ya ua wa miiba. Punje moja tu, jamani! Bibi alipoona pako wazi akadhani nimeuziba ule ua, akalala kwa amani. Asubuhi jirani yetu akaja, fimbo begani, akasalimia kwa Kigogo, kicheko kimemjaa mdomoni.

"Mbukwa, bibi? Ng'ombe wangu wamefanya karamu shambani kwako."

"Waache washibe," bibi akamjibu. "Mke mwenzangu huyu hapa ndiye aliyewaalika."

Hakunipiga. Alinipeleka tukazibe ule ua pamoja, na siku ile nzima hakubandika punje nyingine. Tangu hapo sijawahi kula ambacho sijakifanyia kazi, na wapo wakubwa wengi wasioweza kusema hivyo.

Mambo makubwa, ya mwaka na zaidi, bibi aliyawekea mbegu za boga. Kupata mtamba wa ng'ombe. Kujenga paa upya. Nilipokuwa darasa la tatu nikabandika ya kwangu.

"Hii ya nani?"

"Yangu, bibi. Nimalize la saba."

Akaikandamiza kwa kidole gumba. "Haya. Lakini hiyo sitakusaidia kuitafuna."

Sasa niseme lililonikaa kooni. Baba yangu alikuwa amekwishafariki, baba mdogo ndiye mkuu wa kaya. Nilipoingia la nne akanitoa shule nikachunge mbuzi wake, na mwanawe wa kiume akaendelea kusoma. Sisemi ni maisha wala umaskini, kama watu wanavyosema msibani wakiogopa kumtaja mtu. Mbuzi walikuwa wake, na mdomo uliosema "msichana akijua kuandika atamwandikia nani?" ulikuwa wake. Mwingine ni mwalimu mkuu, aliyepokea beberu na kulifuta jina langu daftarini, akaandika eti nimehama. Nimehama! Na kila asubuhi nilipita na mbuzi chini ya dirisha lake, nikiwasikia wenzangu wakiimba saba mara saba. Ni hao wawili. Mmoja amekufa, mwingine amezeeka. Sijawasamehe, na usingizi napata vizuri tu.

Baba mdogo alipooa mke wa pili aliamuru ukuta wote upigwe lipu ya udongo na samadi, wageni wasione mapunje. Bibi akaupaka kuanzia pembe hadi pembe, akaacha mahali pa ukubwa wa kiganja, penye mbegu yangu.

"Mama, umesahau hapo," baba mdogo akasema.

"Sijasahau."

Basi. Hakuna aliyepagusa tena.

Miaka ikapita. Niliolewa, nikazaa, nikafiwa na mume, nikaja mjini kuuza mlenda mkavu. Nilipokwenda kumuuguza bibi mara ya mwisho, aliomba nimwinue. Akaichokoa ile mbegu kwa ukucha, ikatoka na kipande cha ukuta kimeshikamana nayo. "Nyumba hii haitakusubiri," akaniambia. "Chukua, kaisubirie kwako." Nikaiweka ndani ya kikopo cha mafuta ya kujipaka. Mvua za mwaka uliofuata ziliiangusha tembe. Leo pale pana nyumba ya bati ya yule mwana wa baba mdogo, wala hutaona hata mti mmoja wa zamani.

Miaka miwili nimesoma darasa la watu wazima, mwalimu wetu mdogo kuliko binti yangu. Kila alasiri alinipokea mlangoni: "Shikamoo, mwanafunzi wangu!" Darasa zima linaangua kicheko. Mwezi uliopita nikapewa cheti changu cha la saba.

"Sasa mama, mbegu," binti akasema.

"Nitaila."

Wiki tatu sikuila. Akaja tena, safari hii na hii dayari nyekundu, akakiona kikopo dirishani. "Kazi isiyoliwa haijaisha. Si wewe uliyenifundisha?"

"Nikiila hii, nyumba ya bibi ndiyo imekwisha. Hakuna kingine kilichobaki."

Alikaa kizingitini kando yangu, akanifungulia kikopo.

Nikaila. Ilikuwa ngumu, na meno yangu si yale ya siku za kuchunga mbuzi. Ndani haikuwa na kitu, vumbi tu. Lakini ule udongo, rafiki yangu! Moshi, majivu, samadi kavu. Nikatafuna polepole nimefumba macho, na kwa muda huo mlango mfupi wa bibi ulikuwa palepale, na bibi ameinama kandokando yake na kiganja cha maji. Kisha nikameza.

Kesho yake nikajaribu kubandika punje ukutani kwangu. Saruji haishiki kitu. Ikaanguka, kuku akaidonoa. Kwa hiyo naandika kwenye dayari, mistari mitano na si zaidi. Binti anataka niweke alama ya vema kwa kazi iliyokwisha. Mimi natafuna punje ya mtama, ndipo nalala.

Ukurasa wa malengo ya mwaka bado mtupu. Jana, nikitoka sokoni, nilinunua boga.