Kuchagua Kibodi Wakati wa Matanga

Kibodi iliyokuja na simu yangu haikujua Kiswahili. Nilikuwa mapokezi kwenye hoteli moja ya Mikumi, na kila nilipomwandikia fundi bomba au dereva wa wageni, simu iligeuza maneno yangu kuwa ya Kizungu. Nikiandika "poleni" inaleta jina la chakula cha Wataliano. Mwenzangu wa zamu, dada anayependa mambo ya simu, akaichukua tukiwa tunasubiri wageni warudi kutoka mbugani, akapakua kibodi nyingine.

"Hii inajua Kiswahili," akasema. "Unaandika nusu ya neno, inamalizia yenyewe."

Ilikuwa ya zambarau, herufi zake kubwa. Simu ilitoa onyo kwamba kibodi hiyo inaweza kukusanya kila nitakachoandika. Mwenzangu akabonyeza kukubali. Sikuwa na siri yoyote, na kwa miezi kadhaa niliipenda.

Mama alikuwa akiishi Kilosa mjini. Alipolazwa niliomba ruhusa kazini nikaenda kumuuguza. Kaka yangu, mkubwa wangu na ndiye pekee niliyezaliwa naye, alikuwa Lumuma akivuna vitunguu. Kule shambani kwake mtandao ni wa kuvizia. Anatumia kitochi, simu ndogo ya vitufe, na ili apate meseji inabidi apande kilima. Kwa hiyo habari za mama nilikuwa namwandikia: leo amekunywa uji, leo ameukataa, leo amekuulizia.

Mwishowe hospitali wakaturuhusu, kwa namna ile ambayo ukiwatazama usoni huulizi kwa nini. Mama akafariki nyumbani alfajiri. Mikono yake walikuwa wameishika shangazi zangu, mimi nilikuwa nimeshika mguu.

Sikulia. Nilitoka uani nikakuta ndoo imejaa, maji yanamwagika, nikafunga bomba. Kisha nikampigia kaka. Hapatikani. Nikamwandikia meseji, nikatuma, nikaenda kutafuta mikeka.

Jibu lake lilikuja kabla ya adhuhuri. "Marahaba. Alhamdulillahi. Nakuja kesho."

Baba mdogo, ambaye ndiye aliyesimamia mazishi, aliniita pembeni. "Kaka yako umempata?"

"Amejibu."

"Amesemaje?"

Nikamsomea. Alitazama jua lilipofika. "Basi amepokea. Lumuma mbali, hatuwezi kumlaza marehemu mpaka kesho."

Hata mimi nilishangaa kidogo, lakini mshangao ule ulikuwa kama wa mtu mwingine. Nilijiambia kaka ana imani kuliko mimi. Wanaume wakambeba mama baada ya swala, sisi tukabaki tunaosha sufuria.

Kesho yake kaka aliteremka kwenye bodaboda akiwa na kuku wa kienyeji aliyefungwa miguu, kwa ajili ya supu ya mama. Akaliona turubai. Akawaona wanaume wamekaa chini yake. Alinitazama mimi, si wao.

"Nani?" akauliza.

Nilidhani amechanganyikiwa na safari. "Mama," nikasema. "Kaka, si nilikuandikia jana?"

"Uliandika amefarijika."

Akatoa kitochi, akanipa. Nilisoma. "Shikamoo kaka. Mama amefarijika alfajiri. Tupo nyumbani." Nikafungua simu yangu, na kwangu pia iliandikwa hivyohivyo. Kaka alikuwa ameelewa kwamba mama amepata nafuu na ametolewa hospitali. Nani angeelewa vingine?

Nilingoja kitu kinijie, uchungu au aibu. Hakikuja. Nilimpokea kuku, nikampeleka nyuma ya jiko, nikamfungua kamba. Alisimama palepale, hakujua kwamba ameshaachiwa.

Baba mdogo akampeleka kaka makaburini. Kaka aliporudi magoti yake yalikuwa na udongo. Hakunigombeza. Kesho yake alasiri, watu walipopungua, alikuja kukaa karibu yangu barazani.

"Kitoe," akasema.

"Nini?"

"Hicho kinachoandika."

Nikaifuta kibodi ya zambarau. Halafu, kwa kuwa simu haina budi kuwa na ya kuandikia na ile ya Kizungu sikuitaka tena, nikaanza kupakua nyingine. Kaka akasogea aone kioo. Ile ya kwanza ilipokuwa tayari, akasema, "Andika vile ulivyoniandikia."

Nikaandika. Ikapiga mstari mwekundu chini ya "amefariki", kama kosa la mtoto wa shule. Ya pili ikageuza ikaweka "amefika". Kaka akalisoma polepole. "Amefika. Futa." Ya tatu iliyaacha maneno, ila pembeni ikaniletea maua na kisura kinacholia nichague. Akatikisa kichwa.

Ya mwisho ilikuwa ya kijivu, haina pambo. Haikupendekeza chochote, haikumalizia chochote. Niliandika herufi kwa herufi, maneno yakabaki nilivyoyaweka.

"Nitumie," kaka akasema.

"Si umekaa hapa?"

"Nitumie tu."

Nikatuma. Kitochi kikalia mfukoni mwake. Alikitoa, akakishika kwa mikono miwili, akasoma. Halafu akainama, akalia kwa sauti, mtu mzima yule, mpaka shangazi wakatoka ndani. Nilimwekea mkono mgongoni kwa sababu ndivyo inavyofanywa. Nilichokihisi ni joto la simu kwenye kiganja kingine.

Nilirudi Mikumi baada ya hitima. Naandika polepole sasa, na meneja amelalamika kwamba meseji zangu kwa wageni zina makosa. Mwenzangu alinionyesha kibodi mpya, akasema imeboreshwa. Nikamwambia hii nimeshaizoea.

Kaka haandiki tena. Anapanda kilima chake jioni, anapiga.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

Ananieleza vitunguu vya miche mipya vimeshika, au mvua imegoma. Baadaye hatuna la kusema, nasikia upepo wa kule juu kwenye simu yake, na hakuna kati yetu anayekata mpaka salio lake liishe.