Mwezi wa Idd na Bata wa Bibi

Magharibi ya Tabora haichezi mbali na saa moja jioni, mwaka nenda mwaka rudi. Kwa hiyo nilipokuta kwamba kaskazini ya Ujerumani, wakati wa baridi, jua linazama saa kumi alasiri, nilifurahi kama mtoto aliyepunguziwa kazi. Mwenzangu wa Nzega hakuniachia furaha hiyo. Alikuwa Mkristo, mtoto wa wafugaji, na utani ulikuwa chakula chake.

"Shehe, huku hufungi," aliniambia. "Huku unachelewa tu chakula cha mchana. Kwetu machungani tunakaa hivyo kila siku."

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Azimio. Serikali yetu changa ilikuwa imetutuma sisi wawili kusomea ufundi wa injini za reli, ili tukirudi tusimtegemee mgeni kutengeneza treni zetu. Chuo kilipofungwa kwa mapumziko, mwanafunzi mwenzetu, kijana wa Kijerumani, akatualika kwao, kijiji kilichokuwa karibu na bahari. Mwenye amri katika nyumba ile alikuwa bibi yake, mwanamke mwembamba wa miaka themanini hivi. Tulimfundisha kuitikia shikamoo yetu, na tangu hapo kila asubuhi alitungoja jikoni, marahaba ikiwa tayari mdomoni.

Theluji ilianguka usiku wa kwanza. Nilipofungua mlango alfajiri, nchi nzima ilikuwa kama imeanikwa unga wa muhogo. Tulitoka mbio bila glavu. Mwenzangu aliila. Mimi nilifungua kinywa nicheke, chembe zikaniingia ulimini, nikazitema upesi nikihofia swaumu yangu, naye akagaagaa chini kwa kicheko. Namshukuru Mungu aliyenionyesha maajabu yale nikiwa na miguu ya kukimbilia.

Ramadhani ilikuwa inaisha. Niliwaeleza wenyeji wetu kwamba mwezi ukiandama jioni ya ishirini na tisa, kesho yake ni Idd. Usipoonekana, tunakamilisha thelathini. Bibi alilipenda jambo hili kupita kiasi. Akaamua kwamba Idd italiwa nyumbani kwake, mchana, na majirani wataalikwa. Alinikabidhi bata bukini, nikamchinja mwenyewe uani, nimeelekea kibla, damu ikitoboa theluji. Shida ilikuwa moja: kesho hiyo hiyo tulipaswa kuondoka kwa treni ya saa kumi na nusu, kwa kuwa chuo kilikuwa kinafunguliwa. Mwezi usipoonekana, bata ataliwa mimi nikitazama, na Idd nitaisalia peke yangu chumbani, mbali na watu wale walioingojea pamoja nami.

Jioni ile tulipanda wote juu ya tuta kubwa la udongo linalozuia bahari. Kwetu, baba yangu, fundi cherehani wa Kanyenye aliyefundisha Kurani baada ya kazi, alikuwa akitupeleka uwanda wa Itetemia kuutafuta mwezi, watu wakisukumana kwa hamu. Sikutegemea kuiona hamu ile kwa Wajerumani. Babu, mume wa Bibi, alileta darubini yake. Majirani walikuja na watoto, kila mmoja akinyoosha kidole chake upande wake. Mawingu yalikuwa mazito, yakipasuka na kuziba.

Ghafla Bibi akainua fimbo. Alisema ameuona, mwembamba kama ukucha, pale pale wingu lilipopasuka. Tukageuka sote. Wingu lilikwisha ziba. Babu hakuuona, mjukuu hakuuona, mwenzangu hakuuona, nami sikuuona.

Wakaanza kupiga makofi na kunipa mikono. Nilitamani sana kuamini! Lakini nilikuwa nimesoma. Shahidi wa mwandamo ni Mwislamu mwadilifu, na juu ya tuta lile Mwislamu nilikuwa mmoja.

Mwenzangu alinivuta kando. "Bibi wa miaka themanini aseme uongo kwa ajili ya mwezi?"

"Sijasema ni mwongo," nilimjibu.

"Basi kula bata, ndugu yangu."

Nilimwendea Bibi mwenyewe. Nilimwambia kwamba namwamini, lakini ibada yangu hainiruhusu kufungua kwa jicho lake, na kwamba kesho nitafunga. Mjukuu wake aliinama, aibu imemshika kwa ajili yangu. Bibi alikung'uta theluji kwenye fimbo yake.

"Mwezi nimeuona mimi," alisema. "Lakini tumbo ni lako."

Akashuka tuta bila kushikwa mkono. Nililala na huzuni, nikijua nimemvunjia sherehe yake.

Kesho yake mchana harufu ya bata ilijaa nyumba, lakini meza haikuandaliwa. Majirani walikuja, wakanong'onezwa mlangoni, wakarudi makwao. Babu alizunguka jikoni akilalamika kwamba yeye hakuwahi kusilimu, mbona ananyimwa chakula? Bibi alimfukuza kwa mwiko. Nilipofunga sanduku langu nilimkuta anavisha sufuria blanketi la sufu, kama anamfunika mtoto mchanga.

Stesheni ya kijiji ilikuwa jukwaa moja na taa moja. Majirani wale wale walikuwa wametangulia, wanakanyagakanyaga theluji kwa baridi, kila mmoja na sahani yake. Jua halikuonekana, kwa hiyo tulitazama saa ya stesheni. Nilikuwa nimejipangia dakika zangu kwa tahadhari, na zilipotimia nilisema Bismillahi nikanywa maji. Idd ilikuwa imeingia, na treni ilikuwa bado haijafika.

Bibi akafungua sufuria. Mvuke ulipanda hadi kwenye taa. Tulikula tumesimama, mafuta yakiganda vidoleni, na mwenzangu wa Nzega alikula kama ndiye aliyefunga mwezi mzima. Niliileta takbira kwa sauti ya chini, na watu wakanyamaza mpaka nikamaliza.

Treni ilipoingia, nilimshika Bibi mikono yote miwili, nikamwambia kwamba sasa ni Idd kweli, na ni yake pia.

"Yangu ilianza jana," alisema. "Nilikuwa nakungojea wewe."

Akanitilia paja la mwisho katika kitambaa, akanisukuma niingie behewani.