Picha ya Marehemu Juu ya Ukurasa

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ninayoikumbuka kila unaponionyesha ukurasa wa tovuti uliouunda na kuniuliza kama unapendeza. Asubuhi hiyo simu ya mama iliita akiwa jikoni anaosha mchele. Aliyepiga alikuwa mgeni wetu wa zamani, akitupa pole ya msiba.

Msiba wenyewe ulikuwa umeshapita mwaka na zaidi. Baba yetu alikuwa na gesti ndogo Kigombe, vyumba vichache na ukumbi wa mbele ambao haukosi upepo. Alipofariki tulibaki watu wanne. Mama, kaka yangu mkubwa Mbwana, aliyefanya kazi na baba tangu alipomaliza shule, dada Zuhura, ambaye ndiye aliyekuwa mpishi, na mimi kitindamimba, niliyekuwa nimesomea kompyuta na kupanga chumba mjini, Ngamiani. Wageni walipungua. Wengi walikuwa wakimjua baba na namba yake ya simu, na namba ile ilikwenda naye. Mbwana alikwisha kupata mfanyabiashara aliyetaka kuikodi nyumba nzima aifanye ghala la nazi. Mama hakukubali wala hakukataa. Alinitaka kwanza nitengeneze ukurasa kwenye mtandao, watu wajue tupo, na jibu la yule mfanyabiashara lingefuata baadaye.

Nikautengeneza. Ulikuwa na picha moja ya ukumbi, jina la gesti, bei, njia ya kufika na namba ya simu ya mama. Herufi zilisomeka, na sehemu kubwa niliiacha nyeupe. Nikawapeleka ndugu zangu kwenye mgahawa wa intaneti wakauone, maana wakati ule simu zetu zilikuwa za kupiga na kutuma ujumbe tu. Zuhura akauliza mbona chakula hakionekani, akanipa picha za mapishi yake yote: pweza, samaki wa kupaka, bokoboko, mkate wa kumimina. Nikaziweka. Wiki iliyofuata Mbwana akaja chumbani kwangu na picha ya baba, kubwa, yenye fremu nyeusi. Alitaka ikae juu kabisa, na chini yake dua ya kumwombea marehemu, tena maneno ya dua yawe yanatembea kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Nilijaribu kumweleza kuwa mgeni anatafuta mambo mengine. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Hii nyumba ni ya nani?"

Nikaiweka. Ukifungua ukurasa ule ulikuwa unamwona baba kwanza, kioo kizima, na fremu yake nyeusi. Vyakula vya Zuhura vilifuata, kimoja baada ya kingine. Namba ya simu ilikuwa chini huko, baada ya bokoboko.

Sasa huyu aliyempigia mama alikuwa mwalimu wa Moshi, Mlutheri, ambaye alizoea kuja kwetu na mkewe kila likizo. Alikuwa ameufungua ukurasa ili atafute namba. Alipoona picha akaelewa kuwa mzee amefariki, na kwa jinsi ilivyowekwa akadhani tumo msibani na nyumba imefungwa. Kwa heshima akachukua chumba Pangani, akakilipia, ndipo akatafuta namba atupe pole. Mama alimweleza kuwa eda yake imekwisha siku nyingi na vyumba viko wazi. Mwalimu alisikitika, akaomba radhi. Lakini alikuwa ameshalipa kwingine.

Mama akaniita nyumbani. Nilipofika alikuwa anakuna nazi, nami nilikuwa na maneno yangu tayari. Nikamwambia hili nililijua, kwamba kaka hajui mambo ya kompyuta, ameingia kazini kwangu na kuniharibia ukurasa. Nilisema mengi. Nilipomaliza, mama alikuwa bado anakuna nazi.

"Kaka yako hajaharibu ukurasa," akasema. "Kaka yako alikosa mahali pa kumlilia baba yake, akapaona pale. Wewe umeiona picha. Aliyeileta hukumwona."

Mwanangu, katika kozi yangu nilifundishwa kupanga herufi na kuchagua rangi, na nilifundishwa vizuri. Lakini hakuna aliyenieleza kwamba kila kitu unachotaka kukiondoa kwenye ukurasa wa watu kina mwenyewe anayekipenda.

Asubuhi ya pili mama akatukalisha wote watatu ukumbini. Akawaeleza Mbwana na Zuhura habari ya mwalimu, polepole, bila kumlaumu mtu. Kisha akasema picha ya mumewe itoke pale juu.

Mbwana akainamisha kichwa. Akasema, "Tukimtoa, watu watasema tumemsahau."

"Mimi ndiye mjane wake," mama akamjibu. "Nani atakayesema nimemsahau? Baba yako alikuwa akisimama mlangoni apokee begi la mgeni. Hakusimama pale ili atazamwe."

Mbwana akanyanyuka akaenda uani. Tulisikia maji ya bomba yakifunguliwa, na yakaendelea kutoka kwa muda. Zuhura alitaka kumfuata, mama akamshika mkono. Mbwana aliporudi, uso wake ulikuwa na maji. Akakaa pale pale alipokuwa, akaniambia, "Haya, itoe. Lakini na wewe niambie, kitakachobaki ni nini?"

Siku nyingine ningemwonyesha ukurasa wangu wa kwanza na kumwambia nilikuwa na haki. Nadhani maneno ya mama yalinizuia. Nikamwuliza yeye, aliyesimama miaka yote pembeni ya baba, wageni walipofika waliuliza nini. Akafikiri. Akasema huanza na chumba, kama kipo. Halafu bei. Halafu maji, yanatoka au hayatoki. Wenye watoto huuliza chakula. Njia wameshaiuliza kwenye simu kabla hawajaondoka kwao. Akawa anaeleza na sauti inamrudia, hata akatuigizia mgeni mmoja kutoka Maramba aliyekuwa akiuliza habari za mbu kila alipokuja, tukacheka.

Tukaupanga ukurasa kwa maswali hayo, mwanangu, kama alivyoyataja. Zuhura nikamwomba achague picha moja tu ya chakula. Alinuna kidogo, akachagua wali na samaki. Tukaacha rangi mbili, nyeupe na buluu iliyokoza. Mbwana alipoona nafasi zilizobaki wazi akauliza kama bado kuna kitu sijakiweka. Nikamwambia hapo macho yanapumzika kabla hayajaendelea. Sidhani alikubali siku ile.

Na baba? Kwa baba nilitengeneza ukurasa wake wa ndani, ambao anayetaka huufungua mwenyewe. Mbwana akatafuta picha nyingine, baba akiwa anacheka, bila fremu. Akaandika maneno yake kwa mkono, nusu karatasi, jinsi baba alivyoijenga nyumba ile chumba kimoja kimoja. Niliyachapa bila kubadili neno. Mama aliposomewa akasema tu kwamba ni kweli.

Wageni hawakumiminika. Walirudi kidogo kidogo, na yule mfanyabiashara wa nazi akapata ghala kwingine. Mwaka uliofuata mwalimu wa Moshi alikuja na mkewe. Alipokuwa anapokewa begi alimwambia Mbwana kuwa amesoma aliyoyaandika juu ya mzee. Mbwana akashika begi lile asiliweke chini, wakasimama pale mlangoni wakizungumza mpaka mke wa mwalimu akaomba aonyeshwe chumba.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukurasa ukiutaka uwe mzuri, usianze na rangi. Anza na huyo atakayeufungua, ana haraka ya nini, na umjibu hilo kabla ya jingine lolote. Weka kinachomsaidia, kiandike kwa herufi zinazosomwa hata na mama yako, na usiogope sehemu nyeupe. Utakapofika kwenye kupunguza, usifute kwanza halafu ukaeleza. Nenda kwa mwenye kitu, ukae naye, umwulize kwa nini anakitaka pale. Mara nyingine atakuambia kitoe. Mara nyingine utamtafutia mahali pengine panapomfaa zaidi. Ukurasa utakuwa safi, na watu wake hawatakuwa na kinyongo.

Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuona kilichozidi na ulimi wa kukisema bila kumwumiza mwenyewe. Akubarikie kazi ya mikono yako, na kila atakayefungua mlango ulioutengeneza akute anakaribishwa.